Kazi Imekubaliwa

Mtaani walimwita Injinia, ingawa alikuwa bado mwaka wa tatu wa upimaji ardhi na hata ukuta wa choo hajawahi kuupima. Moyo wake ulikuwa kwingine kabisa: kwenye maonyesho ya sanaa. Siku moja aliikimbia mvua akaingia ndani ya ghala lililowahi kuwa la matairi, sasa la maonyesho, akamkuta mwanamke ameketi juu ya kiti kirefu, anafumua sweta alilovaa, uzi kwa uzi, bila kusema neno. Injinia alisimama pale mpaka mvua ikakatika, ikaanza tena, ikakatika. Tangu hapo hakukosa ufunguzi hata mmoja. Chumba kilichojazwa feni mbovu, alikuwepo. Filamu isiyo na mwanzo wala mwisho, alikuwepo, tena mstari wa mbele. Kuingia kulikuwa bure, na wasanii walimjibu kila alichouliza kana kwamba naye ni mtu. Darasani hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo.

Kule alijifunza na lugha yao. Hawasemi picha wala sanamu; kila kitu ni kazi. "Kazi hii ya nani?" "Kazi yake ya mwaka jana ilikuwa nzito zaidi." Ulimi ukazoea, na ulimi ukishazoea hauombi ruhusa.

Mama yake alikuwa mfuaji katika hospitali kubwa, mwaka wa kumi na tisa huo. Shuka za wodini hukunjwa na watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, wakakutana katikati. Mwenzake alipostaafu hakuletwa mwingine, basi Mama akabuni njia yake: pembe mbili chini ya kidevu, mikono inashuka, goti linashikilia mkunjo. Mgongo ndio uliobeba gharama. Jumapili moja Injinia alimwomba akunje shuka za nyumbani, akamrekodi kwa simu dakika nne.

"Ya nini hii?" Mama aliuliza.

"Ya masomo tu."

Akaipeleka video hiyo kwenye maonyesho ya wasanii chipukizi.

Jibu lilikuja Jumatatu. Aliingia uani mbio, simu juu. "Mama! Kazi yangu imekubaliwa! Inaanza Jumamosi!"

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa viganja, akalia. "Umepata kazi," alisema. "Na masomo hujamaliza! Mungu wangu, mgongo huu umesikilizwa."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno machache tu: si kazi hiyo, Mama, ni kazi nyingine. Lakini hakuwa amemwona akilia kwa furaha tangu baba yake afariki, na akajiambia atasema kesho. Kesho! Huko ndiko waoga wote walikojenga.

Jumanne fundi viatu wa jirani alikuja kumpa mkono. "Injinia, usitusahau ukishakaa kwenye kiyoyozi." Shangazi naye akapiga simu, anataka binti yake atafutiwe nafasi hapo hapo, hata ya mapokezi. Jumatano asubuhi Injinia alimfuata Mama jikoni, amejiandaa kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

"Mama, kuhusu ile kazi..."

"Usiniambie cheo. Cheo kikitangazwa mapema, kijicho hutangulia ofisini." Akamkabidhi shati alilolipiga pasi mara mbili. "Na mimi nimeshaandika barua yangu. Ijumaa naipeleka. Miaka kumi na tisa inatosha, mwanangu. Sasa zamu yako."

Nyumba nzima ilisimama juu ya mgongo ule, na mgongo wenyewe ulikuwa unakwenda kuacha kazi kwa sababu ya neno moja alilolichukua kwa wasanii. Siku mbili nyingine alijiambia kesho. Ijumaa aliliacha darasa, akakimbia mpaka chumba cha kufulia. Mvuke umejaa, mashine zinaunguruma, na Mama amesimama mbele ya meza ya msimamizi. Barua ilikuwa mezani, bado haijafunguliwa.

"Mama, ngoja!"

"Huyu hapa!" Mama aligeuka akapaza sauti kushinda mashine. "Huyu ndiye mwenyewe!"

Wafuaji wakapiga makofi kwa mikono iliyolowa. Msimamizi, mtu ambaye Mama alisema hajawahi kucheka tangu azaliwe, aliinuka akamshika Injinia mkono. "Umempumzisha mama yako, kijana. Wengi hupata wakasahau."

Mdomo wa Injinia ulifunguka. Kilichotoka ni "Asante." Na barua ikafunguliwa mbele ya macho yake. Ningekuwepo ningemzaba kofi, halafu ningelia naye.

Jumamosi Mama alimfuata kwa mbali hadi kwenye maonyesho, bila kualikwa, amevaa gauni lake la heshima, kuona ofisi ya mwanawe. Mlangoni alimkuta msichana mwenye orodha.

"Mwanangu ameanza kazi hapa leo," alimwambia, akalitaja jina.

"Ooh, karibu mama! Kazi yake iko chumba cha pili. Watu wameipenda kweli."

Mama aliingia akitabasamu. Chumba kilikuwa na giza, na watu kama kumi walisimama kimya wakitazama ukutani. Pale ukutani palikuwa na mikono yake, mirefu kuliko mlango, na kidevu chake kimebana shuka. Injinia alimwona kutoka pembeni, akamsogelea.

"Mbona niko ukutani?"

"Ndiyo kazi, Mama. Ndiyo hii iliyokubaliwa. Sikuajiriwa. Nilitaka kukuambia siku ile ile."

Mama hakumtazama. "Jumatatu unakwenda wapi?"

"Darasani."

"Darasani," Mama alirudia.

"Nitaanzia kwa msimamizi, Mama. Nitampigia magoti. Nitamwambia kosa ni langu."

"Nafasi imeshajazwa. Jana mchana nimewafundisha mwenyewe."

"Umewafundisha kina nani?"

"Wameleta wawili. Wa kukunja pamoja."

Injinia alitamani sakafu ipasuke immeze na simu yake. Ukutani mikono ilimaliza shuka, ikailaza, ikaanza nyingine.

"Basi katika nyumba yetu," Mama alisema, sasa kwa sauti kubwa kidogo, akinyoosha kidole, "mwenye kazi ni yule pale tu."

Bwana mmoja aliyesimama mbele yao aligeuka, akamwangalia Mama usoni, akaweka kidole mdomoni. "Samahani, mama," alinong'ona. "Tunaomba utulivu, watu wanatazama."