Siku Niliyofunga Kipande Changu Kumkomesha Mwenda

Afadhali niandike, maana kusimulia kwa mdomo siwezi, nikianza tu masikio yanapata moto na ninajiona tena mbele ya ule ukumbi wa Embu, sweta nimelivaa ndani nje (hilo hata sikulijua mpaka jioni), watu wazima wakinitazama kama ng'ombe aliyeingia kanisani.

Yalikuwa mashindano ya vilabu vya kompyuta, na washindi walikuwa waende Nairobi. Sisi wa Timau tulikuwa na kamusi ya Kimeru ya kwenye simu. Mwenda, mwenyekiti wetu, ndiye aliyekusanya maneno hadi Muthara kwa kina nyanya yake. Mimi niliandika kipande cha programu kinachotafuta neno hata ukikosea herufi, kwa sababu mtu wa Tigania na mtu wa Imenti, ingawa wote ni Wameru, hawaandiki sawa. Nilikiweka mtandaoni wazi, mtu yeyote achukue atumie bure, na kamusi yetu kila ikiwashwa inaenda kukivuta huko.

Basi tukapewa darasa la kungojea, Mwenda akafungua bango letu, nikasoma: KAZI YA MWENDA NA WENZAKE. Wenzake ni nani? Wenzake ni mimi!

"Mwenda, jina langu liko wapi?"

"Aki Kendi, si wewe huogopa watu? Ukiandikwa hapo utaitwa mbele uulizwe maswali. Nimekuokoa."

"Sikukuomba uniokoe."

"Wacha tushinde kwanza, mambo ya majina ni baadaye."

Nikanyamaza (mimi hunyamaza, ndiyo shida yangu), lakini ndani nachemka kama sufuria ya githeri. Alipoenda msalani nikavuta laptopu nikafanya kitu kidogo tu, nikakifunga kipande changu kikawa cha kuonekana na mimi peke yangu. Sikukifuta, jamani! Nilitaka tu akiijaribu kamusi ikatae, aje aseme "Kendi, tafadhali," nami nijifanye nafikiria kidogo halafu nikifungue.

Mwenda hakujaribu chochote. Alirudi akikariri hotuba yake, na hapo hapo tukaitwa ukumbini, wa Embu wanaanza, sisi tunafuata. Nikajiambia wakiwa jukwaani nitakifungua polepole, lakini laptopu ikachukuliwa na Mwalimu Kinoti, mlezi wa klabu, akaipakata magotini kama Biblia. Ningemwambia anipe ya nini?

Akapanda msichana wa Embu, Wawira, na kamusi yao ya Kiembu. Akabonyeza. Ukutani kukatokea kile kiduara cha kungoja, kinazunguka, kinazunguka. Akabonyeza tena. Watu wakaanza kukohoa.

"Asubuhi ilikuwa inafanya," akasema.

"Kuna nini, mama?" jaji akauliza.

"Kuna kipande tunatumia, si chetu, ni cha msichana mmoja wa Timau. Hakionekani tena. Labda amepata shida."

Labda amepata shida! Mimi sikujua kuna mtu mwingine duniani anakitumia (ukiweka kitu wazi watu watachukua, si ndiyo maana ya kukiweka wazi, lakini kichwani mwangu ugomvi ulikuwa wa watu wawili tu).

Mwenda akageuza shingo polepole. "Kendi, umefanya nini?" Alinong'ona, lakini ukumbi ulikuwa kimya, kila mtu akasikia.

Nikasimama. "Ni mimi."

"Ongeza sauti," jaji akasema.

"Ni mimi!" ikatoka kama mtu anayefukuza kuku.

Nikaambiwa nije nikifungue pale pale kwa laptopu ya Wawira, ile inayoonyesha ukutani, kwa hivyo ukumbi mzima uliniona nikikosea nywila, nikikosea tena. "Pumua," Wawira akaniambia, na hiyo iliniumiza kuliko matusi. Nikafungua. Kiduara kikaacha kuzunguka, na kitu cha kwanza kutokea, kabla ya neno lolote la Kiembu, kwa herufi kubwa kuliko za bango la Mwenda, kilikuwa: *Asante Kendi wa Timau. Bila kipande chake tusingefika hapa.*

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kengele ikalia, dakika za Wawira zimeisha, akaanza kukusanya waya zake bila kuniangalia.

Hapo Mwalimu Kinoti akasimama. "Dakika zetu wapewe hao."

"Mwalimu!" Mwenda akaruka.

"Keti chini, Mwenda."

Wa Embu wakaonyesha kazi yao, wakashinda, wakaenda Nairobi. Mwenda alikunja bango, akaniambia neno moja tu kuanzia hapo hadi usiku: "Sasa umejulikana."

Nimeapa, nikitaka kutajwa nitadai kwa mdomo wangu, na nilichowapa watu sitakinyang'anya tena ili kumkomesha mmoja. Nilimwandikia Wawira kumwomba msamaha, hajajibu. Jana nilichungulia kamusi yao. Kipande changu bado kinafanya kazi humo ndani, ila ile asante wameiondoa. Nimekiacha wazi hivyo hivyo.