Maziwa ya Jioni

Kila siku saa kumi na mbili jioni, hata awe kwenye kikao na mkubwa gani, Mkurugenzi Eliamini alitoka nje kumpigia mama yake simu. "Mama, shikamoo. Wamekamuliwa?" Akishajibiwa alirudi ndani uso umetulia, kana kwamba wale ng'ombe watatu wa mama yake ndio walioshikilia dunia.

Nilikuwa katibu wake katika kiwanda cha mtindi hapa Kikatiti. Maziwa ya asubuhi tuliyopokea hayakutosha tena, na wenye maduka wa Arusha mjini walitupa muda hadi Pasaka: tuwapelekee mtindi wa kutosha, au wahamie kwa mwingine. Bila maziwa ya jioni kiwanda kingefungwa.

Eliamini alizaliwa hapa. Alijua, kama tunavyojua sote vijijini kwetu, kwamba maziwa ya asubuhi ni ya baba na ya jioni ni ya mama. Lakini alikuwa amesomea uongozi wa biashara, na mtu akishasomea hilo, anayoyajua ya nyumbani huyaacha nyumbani. Akaitisha mkutano wa akina baba, ambao ndio wanachama wa kiwanda. Walikuja na fimbo zao, wakala nyama, wakanyoosha mikono wote kukubali maziwa ya jioni yaletwe kiwandani. Bodi ikanunua tangi la pili la kupoozea. Jioni ya kwanza tangi liliwashwa, likanguruma tupu hadi giza likaingia. Jioni zilizofuata, vilevile.

"Wananchi hawana mwamko," alisema Mzee Aminieli, mwenyekiti wa bodi, ambaye mke wake hakuwa ameleta hata kikombe.

Bodi ikaamua kwamba tatizo gumu la kisasa kama hili linahitaji fikra bunifu. Mimi na Mkurugenzi tukapelekwa semina hotelini mjini. Mwezeshaji, Bwana Dismasi, alituvisha kofia za karatasi za rangi, akatutaka tujenge mnara kwa tambi mbichi na gundi. Mnara wa meneja mmoja wa bima ulianguka. Tukampigia makofi kwa kuthubutu.

Saa kumi na mbili ikafika. Eliamini akatoka na kofia yake ya kijani kichwani, nami nikamfuata, nimechoshwa na tambi. Vidole vyake vilikuwa na gundi, akaiweka simu juu ya ukuta mfupi, akafungua spika.

"Wamekamuliwa, mwanangu."

"Sasa mama, mbona huleti kiwandani? Baba si alinyoosha mkono?"

"Alinyoosha? Basi uje huo mkono ukamue."

"Mama jamani."

"Mama jamani nini? Miaka yote unaniuliza mimi kama wamekamuliwa. Baba yako umewahi kumwuliza?"

Akavua kofia. Hakurudi ndani.

Jumapili akawaita akina mama peke yao, baada ya ibada. Walimtania kwanza, eti amekuja kuposa. Kisha wakatoa sharti moja: malipo ya jioni yaingie kwenye simu zao wenyewe. Akakubali palepale. Kabla ya Pasaka tangi lilikuwa linajaa.

Ungedhani angepongezwa. Kwenye mkutano mkuu Mzee Aminieli alisimama. "Kijana, umeingia mpaka jikoni kwetu," akasema, na mikono ileile iliyokubali maziwa ikanyooka kumwondoa. Taarifa ya mwaka ikaandika kwamba mafanikio yalitokana na semina. Bwana Dismasi akaalikwa tena.

Nimejiuliza mara nyingi ile ilikuwa fikra gani. Mpya haikuwa. Alilitazama jambo alilolijua tangu utoto kana kwamba yeye ni mgeni, kisha akakubali hasara yake. Hayo ya hasara, kwenye semina hayakuwemo.

Alirudi nyumbani kwao kufuga. Mama yake alipofariki, simu ya saa kumi na mbili ikaanza kuja kwangu.

"Mama Calvin, maziwa yamefika?"

"Yamefika, Mkurugenzi." Jina lingine lilinishinda.

Mwaka jana wakati wa masika alipiga simu, sauti ikiwa dhaifu. Siku iliyofuata moyo wake ulisimama. Jioni ile ya simu ya mwisho nilimwambia yamefika, na tangi limejaa.

"Na Mzee Aminieli hajambo?"

"Hajambo. Yuko semina."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwambie saa kumi na mbili atoke nje kidogo, ampigie mkewe."