Msomaji Ambaye Hakuogopa

Soko la Kiboriloni lina wauza mitumba wa kila namna, na kila mmoja ana jina la utani alilobandikwa na wenzake. Hellen wanamwita Mama Mapazia. Anauza mapazia na mashuka, basi. Nguo za watoto wachanga hazigusi, ingawa kila mtu pale anajua ndizo zinazotoka haraka, na kwamba mama akishapenda kofia ya mtoto habishani sana. Ukimuuliza, atakwambia belo la watoto, yaani robota zima la nguo zao, lina kazi nyingi ya kuchambua. Uongo mtupu, maana huyo ni mwanamke anayeweza kuchambua belo zima la mashuka huku anasoma kitabu alichokiegemeza kwenye beseni.

Na vitabu vyenyewe sasa! Ukimwona Jumapili na sare ya kwaya utadhani anasoma vitabu vya maombi. Thubutu. Hellen anapenda hadithi za kutisha, na si zile za majini yanayorukaruka. Anapenda zile ambazo mtu amekaa zake kimya nyumbani kwake, na akili yake mwenyewe inaanza kumgeuka. Mwandishi wa namna hiyo wamempata, Zita wa Sanya Juu, na kitabu chake kipya, *Chumba cha Mzazi*, ndicho kilichowavuruga watu mwaka huu kuanzia stendi mpaka Pasua.

Kinamhusu binti aliyejifungua akawekwa ndani miezi mitatu, kama desturi ya upande huu wa mlima inavyotaka. Mzazi hapiki, hashiki jembe, analetewa mtori wa ndizi na nyama, na maziwa, na mama mkwe ndiye mlezi wake. Humo chumbani binti anaanza kusikia sauti. Inafanana na sauti yake mwenyewe, inaongea kwa upole, na inamwelekeza la kumfanya mtoto. Mama mkwe naye, kila mtoto akishanyonya, anamchukua na kuondoka naye. Mwishoni kabisa ndipo unapogundua kwamba bibi yule ndiye aliyekuwa akiipandikiza ile sauti, apate kubaki na mtoto peke yake.

Watu walimsifu Zita mpaka ikawa kero. Anwar, fundi simu wa kibanda cha jirani, alikiazima kwa Hellen akakirudisha akiapa kwamba siku zote za kukisoma alilala taa ikiwaka, na mke wake analalamikia umeme. Mwalimu mmoja aliandika kwenye kundi lao la wasomaji kwamba tangu akimalize mtori haumpiti kooni. Mwingine akasema Zita ana roho mbaya na Mungu amzidishie. Wote walikuwa na lao moja, kumwogopa yule bibi, na kadiri walivyomwogopa ndivyo walivyomsifu aliyemuumba.

Hellen alizisoma sifa zote hizo kwenye simu na hakuandika kitu. Yeye hakuogopa. Alipofika pale sauti inapoanza, alikifunga kitabu, akakaa juu ya belo, akalia kwa faraja. Ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba jambo lile linaweza kumpata mtu mwingine.

Maana sauti ile anaijua. Alipomzaa Jackson, ambaye sasa yuko sekondari na amemzidi baba yake urefu, aliwekwa chumba cha nyuma nyumbani kwa wakwe zake, Old Moshi. Haukupita muda ikaanza. Ilimtajia mfereji unaokatiza migombani. Ilimwambia maji yake ni ya baridi sana, mtoto hatalia kwa muda mrefu. Asubuhi moja Hellen alijikuta amesimama ukingoni na Jackson mikononi, hajui amefikaje pale. Akarudi ndani mbio, akajifunika blanketi, na hakumwambia mtu.

Tangu siku hiyo mama mkwe wake, Mama Aminieli, akabadilika akawa mkali. Mtoto akinyonya, anachukuliwa. Usiku analala na bibi yake. Hellen akiomba ambembeleze hata kidogo, anaambiwa apumzike, na Mama anaweka kigoda chake mlangoni na kumenya ndizi hapohapo kama askari wa zamu. Sauti ilikuja ikaisha yenyewe. Lakini Hellen alitoka mle chumbani na mambo mawili moyoni: kwamba ana uovu ambao hakuna binadamu anayeujua, na kwamba mama mkwe alimwona si lolote, akamnyang'anya mwanawe. Hakuzaa tena. Aminieli, mume wake, alipouliza, alimjibu kwamba mmoja anatosha, na tangu hapo amekuwa akimwamkia Mama kwa heshima zote na kwa moyo uliofungwa.

Hayo yangebaki hivyo kama si Brenda. Brenda ni mke wa Mathew, mtoto wa mwisho wa Mama Aminieli, ambaye kwa mila ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi, na siku zake za kujifungua zimekaribia. Mama Aminieli macho yamefifia na magoti yamegoma. Kwa hiyo alitangaza mwenyewe, mbele ya familia nzima, kwamba mlezi wa Brenda atakuwa Hellen. Familia ikakubali, Brenda akafurahi, na Hellen akaanza visingizio. Mara kuna mzigo mpya unaingia, mara mgongo, mara kwaya ina safari. Kazi haikumtisha hata kidogo. Alichokuwa anakiogopa ni mikono yake mwenyewe. Akiingia tena kwenye chumba kile na kichanga kimelala pale, nani atamhakikishia kwamba sauti haimsubiri?

Ndiyo maana aliposikia Zita atakutana na wasomaji wake mjini Jumamosi mchana, alifunga meza akaenda. Alijiambia kwamba kama kuna mtu anayejua dawa ya jambo lile, ni yule aliyeliandika. Ukumbini watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakishindana nani ameogopa zaidi. Kijana mmoja alisema amemkimbia bibi yake mzaa baba, na watu wakapiga makofi. Kipaza sauti kilipomfikia, Hellen alisimama.

"Mimi sikuogopa," alisema. "Nilipokisoma nilipumzika. Nakushukuru."

Akaketi. Watu walicheka kidogo, wakidhani ni utani wa mama wa sokoni. Zita hakucheka.

Baada ya mkutano Zita, mwanamke mwembamba asiyeonekana kabisa kama mtu wa kutisha watu, alimfuata pale kwenye meza ya soda. Hellen akamuuliza yule binti alimtoa wapi. Zita akamwambia ukweli kwamba yeye hajawahi kuzaa. Utotoni aliwasikia watu wazima wakinong'ona juu ya jirani yao mmoja ambaye hakuachwa hata siku moja peke yake na kichanga chake. Alipouliza kwa nini, alifukuzwa akacheze. Alipokuwa mtu mzima akatunga sababu yake mwenyewe, na kwa kuwa ubaya ulihitaji mtu wa kuubeba, akamtwika bibi. Hellen alimshukuru na kurudi nyumbani mikono mitupu. Dawa hakuipata.

Kesho yake baada ya ibada alipanda Old Moshi akiwa ameamua. Atamwambia mama mkwe waziwazi kwamba hawezi, watafute mtu mwingine. Alimkuta jikoni, anamenya ndizi kwa kupapasa. Akampa shikamoo, akaitikiwa, na kabla hajaanza maneno yake Mama akataka kujua ni kitabu gani hicho ambacho hata wanakwaya wanakisifia. Hellen akasema ni upuuzi tu wa vijana. Mama akasema basi amsomee huo upuuzi. Hakuna mtu katika familia ile aliyewahi kumkatalia Mama Aminieli, kwa hiyo Hellen akakitoa kwenye mkoba.

Alisoma vizuri tu mpaka ilipokaribia ile sura, akafunua kurasa kadhaa kwa pamoja. Mama akamwambia arudi nyuma, macho ndiyo yamefifia, masikio bado mazima. Hellen akarudi nyuma. Akaisoma sauti yote, neno kwa neno. Akasoma na jinsi bibi anavyomchukua mtoto. Kisu cha Mama kilikuwa kimesimama.

"Huyo dada anajua kuandika," alisema Mama. "Binti amempatia kabisa. Ni kwa mama mkwe ndipo alipokosea."

Hellen aliuliza amekosea wapi.

"Anayemchukua mtoto namna hiyo si kwamba anamtaka mtoto. Mimi nilikuona pale mferejini, Hellen. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Nikasema, huyu akifanya jambo, mtoto tutamzika na tutalia. Lakini yeye je? Ataishije? Ndiyo maana nikawa nakuchukulia mtoto. Nilikuwa nakulinda wewe."

Hellen alilia bila kujificha. Alililia ile miaka yote aliyomwamkia mwanamke huyu kwa moyo uliofungwa, akamlilia na yule msichana chini ya blanketi aliyedhani hakuna anayemwona. Alipoweza kusema alimuuliza Mama kwa nini hakumwambia. Mama akajibu kwamba aliogopa Hellen akijua ameonekana, atatoroka. Bora yeye achukiwe, lakini Hellen abaki. Alilisema hilo kama mtu anayeeleza bei ya chumvi.

Hellen akaona hakuna tena cha kuficha, akatoa alichokuja nacho. Alisema anaogopa kumlea Brenda. Alisema hajiamini na kichanga.

"Mtoto ataangaliwa na kila mtu, nyumba itajaa hapa," alisema Mama. "Wewe sikukuita kwa ajili ya mtoto. Nimekuita umwangalie Brenda. Jambo lile likimjia, katika nyumba hii ni wewe tu utakayelijua mapema."

Hellen alikifunga kitabu. Kisha akasema atakuja, ataleta na mashuka yake kabisa, meza ya sokoni ataiangalia Anwar. Mama akaitikia kwa kichwa na kuichukua ndizi nyingine, halafu akauliza yule binti wa kitabuni mwishowe anapona au vipi. Hellen akajifuta kwa khanga, akamjibu kwamba haponi.

"Basi mwambie huyo Zita aje huku," alisema Mama. "Nimwoneshe aliyepona."