Ndoo ya Leonia Getini pa Chuo

Nilishasema sitaki. Mtu wa darasa la nne unamwambia aandike habari za watu wa chuo kikuu, si kunitafutia aibu huko? Lakini mmeng'ang'ania, na nimechoka kusikia mnavyoisema ovyo, eti Leonia alifukuzwa kwa pombe. Hakufukuzwa. Kaeni niwaambie, na nikikosea herufi mnyamaze.

Leonia ni mwalimu wa shule ya msingi kule Matai, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mrefu, si mwepesi wa kucheka. Alipewa ruhusa ya miaka miwili, akaja Sumbawanga kusoma shahada ya uzamili, ile inayokuja baada ya ya kwanza. Akapanga chumba kwangu hapa Pito. Asubuhi chuoni kwa miguu, jioni anarudi, anafunga mlango, anaandika.

Alitaka kuchunguza watoto wanaokosa shule wakati wa kilimo. Lakini kabla hujaenda kuuliza watu, chuo kinataka uandike kwanza utakachofanya. Wanaita pendekezo. La Leonia lilirudishwa mara mbili. Msimamizi wake aliandika kwa kalamu nyekundu: ulivyosoma ni vichache, tena vya zamani. Mara ya pili akaongeza siku ya mwisho, Jumatatu fulani. Likikataliwa mara ya tatu, anarudia mwaka, na mwajiri harudii ruhusa. Angerudi Matai kama alivyotoka.

Na msaada ulikuwepo. Pembeni ya maktaba kuna chumba cha wanauzamili, kina kompyuta sita, mtandao, na birika la chai. Mkutubi, Cornelia, anamfundisha yeyote namna ya kutafuta makala mpya za wataalamu. Kila Jumamosi wenyewe wanakusanyika humo wanasomeana kazi, leo yako, wiki ijayo ya mwenzako, wakimaliza wanacheza karata na kutaniana. Mwaka mzima Leonia aliupita ule mlango kama mlango wa kituo cha polisi.

Aliyekuwa akimwita ni Raymond, kijana wa Ilemba anayesoma naye.

"Mwalimu, Jumamosi lete kazi yako tuisome."

"Nitaleta."

"Unasema hivyo tangu Novemba!"

"Ulezi haujafika."

Raymond alidhani anataniwa. Wala. Sisi Wafipa, ukitaka watu waje kukulimia matuta, unapika kwanza pombe ya ulezi. Wanalima, wanakunywa, wanaimba, wanakwenda kwao, hakuna wa kumsema mwenzake. Ukiwaita na nyumba haina pombe, hapo unaomba. Leonia aliliona lile kundi la Jumamosi kuwa ni watu wa kulima, na shamba ni karatasi zake. Watu wazima watoe jasho pale, yeye amekaa tu hana cha kuwapa? Hapana. Akawa anangoja ulezi wa mama yake kutoka Matai, na ulezi ukawa unachelewa, mara mvua, mara gari.

Ulifika zimebaki siku kumi na mbili kufika ile Jumatatu. Akazitumia kumi kwa pombe: akalowesha, akaotesha kimea, akaanika, akasaga, akapika. Ukimuuliza pendekezo, anakujibu, "Jumamosi."

Jumamosi hiyo akatoka na ndoo ya lita ishirini kichwani, bahasha kwapani. Getini akamkuta mlinzi, Ndalahwa, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao.

"Shikamoo mwalimu. Ndooni mna nini?"

"Marahaba. Ulezi."

"Wa uji?"

"Wa watu."

Ndalahwa akafunua kidogo, harufu ikampiga. "Pombe haiingii chuoni, mwalimu."

"Hii si ya kulewa. Ni ya kazi."

"Kazi gani? Humo ndani sijaona jembe."

"Nyie Wasukuma mkiita watu kulima mnawapa nini? Maji ya kisima?"

"Tunawachinjia. Na ng'ombe pia simruhusu kupita hapa."

Raymond akasikia mabishano, akatoka. Alipoiona ndoo akashika kiuno. "Kumbe ulezi ni ulezi kweli! Mwalimu, hii saa nne. Cornelia anafunga saa nane. Acha ndoo, ingia."

"Niingie mikono mitupu?"

"Una bahasha."

"Bahasha ndiyo shamba lenyewe!"

"Basi baki nalo. Jumatatu likirudi, hiyo pombe utakunywa na msimamizi."

Leonia akaitua ndoo. "Asiiguse mtu," akamwambia Ndalahwa, akaingia amekaza uso.

Cornelia alimkalisha kwenye kompyuta. Kufika saa sita alikuwa na makala kumi na moja, zote za miaka ya karibuni. Watu wanne wakalipitia pendekezo ukurasa kwa ukurasa, wakambishia, wakamkatia sentensi. Naye alikaa ukingoni mwa kiti, kama mgeni aliyekuja harusini bila zawadi.

Mpaka Raymond alipotoa jedwali lake. Leonia akalitazama mara moja.

"Hesabu yako haikai."

"Msimamizi amelipitisha hilo."

"Amelipitisha na kosa lake. Asilimia zako nimejumlisha, zimefika mia na tisa."

Chumba kizima kikacheka. Leonia akavuta kiti, akamrekebishia mstari kwa mstari, kama anavyowafanyia darasa la saba. Mwingine akaleta la kwake, na mwingine. Kufika saa nane alikuwa ameegemea kiti vizuri, anakunywa chai yao bila kuuliza ya nani.

Ile ndoo waliibeba wao wenyewe hadi hapa kwangu, wakanywa, wakaondoka jua lingalipo. Jumatatu akapeleka pendekezo. Wiki iliyofuata likapita, marekebisho mawili tu.

Sasa anahitaji wazazi mia na ishirini wa kujibu maswali, na amepata thelathini na nane. Wewe unayesoma hapa, kama uliwahi kumtoa mtoto darasani akapande mahindi, unajijua. Karatasi ziko mezani kwangu. Njoo uchukue, ujaze ukweli, urudishe kabla ya Jumapili. Kama kuandika kunakushinda, njoo useme, nitaandika mimi.