Amina ya Mkamwana

Kule kwenye kiwanda cha kufulia walikokuwa wakipiga pasi shuka za hoteli, wenzake walimpachika jina la Pasi. Wengine walisema ni kwa wepesi wa mkono wake. Wengine, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amenyooka: hachelewi, hasengenyi, na kabla ya kuja kazini kila asubuhi humsomea mama mkwe wake Biblia. Sifa hiyo ya mwisho walipoitaja, yeye aliinamia shuka yake.

Mama mkwe alikuwa amepofuka uzeeni. Kukipambazuka, Pasi alimketisha kitandani, akamwekea mto mgongoni, akasoma somo la siku kama lilivyopangwa kwenye kalenda ya kanisa. Akimaliza, mama aliokota neno moja katika somo na kuligeuza sala. Wakisoma habari za mkate, aliwaombea majirani waliolala njaa. Wakisoma habari za dhoruba, aliliombea paa lao bovu. Na kabla ya kufunga hakukosa kuongeza: "Na yule binti yangu, Bwana, usimhesabie uzembe wake. Mlainishe moyo arudi nyumbani."

"Amina," aliitikia Pasi, huku akigeuza uso pembeni kana kwamba mama angemwona. Maana ile ndoo iliyomwangusha mama haikuachwa na binti.

Mambo yalikuwa hivi. Siku moja Pasi alipiga deki korido, na kwa kuwa muda wa kazi ulikuwa umempiga chenga, akaisukuma ndoo nyuma ya mlango wa bafu, akatoka mbio. Wifi yake alikuwa amekuja kumfulia mama. Mchana mama akaenda bafuni akipapasa ukuta kama kawaida yake, akajikwaa, akavunjika nyonga. Kule hospitali mume wa Pasi, fundi bomba, mtu wa hasira za karibu, aliuliza ni nani aliyeacha ndoo pale.

"Mimi nilitoka asubuhi," Pasi alisema. "Nilimwacha wifi anafua."

Hakusema uongo. Alisema ukweli uliokatwa mkia. Fundi alimgeukia dada yake, akamfokea mbele ya wauguzi, akamwambia asikanyage tena kwake. Dada akakana mara moja tu, kwa sauti ndogo, kisha akachukua mkoba wake akaondoka. Tangu hapo hakuonekana. Pasi alijiambia atasema kesho, mambo yakitulia. Mambo yalitulia, na kesho haikufika.

Asubuhi moja kalenda ilileta habari ya mfalme aliyechukua mke wa mtu, na nabii aliyemsimulia kisa cha mwanakondoo hadi mfalme akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Pasi aliipitishia macho, akafunua mbele, akasoma zaburi fupi.

"Mbona leo tumekula kiporo?" mama aliuliza. "Hii tuliisoma juzijuzi."

"Kurasa zimegandana, mama."

"Haya, kiporo nacho hushibisha. Tuombe."

Akaomba, akafika kwa binti yake, akanyamaza kungoja. Pasi aliifunga Biblia, akainuka.

"Hujaitikia, mwanangu."

"Nimechelewa kazini, mama."

Alichukua mkoba, akafika getini, akashika komeo, akashindwa kulivuta. Akarudi hadi chumbani, akasimama palepale mlangoni.

"Mama, ile ndoo niliiweka mimi. Wifi hakuigusa."

Mama alipapasa blanketi lake kama anayetafuta kitu kilichoanguka. 

"Kwa hiyo kila asubuhi nimekuwa nikimsingizia mwanangu mbele za Mungu," alisema mwishowe. "Na wewe unaitikia."

"Nisamehe, mama."

"Mguu ni wangu, nitakusamehe. Uliyomkosea yule siwezi kukusamehe mimi. Nenda kwake mwenyewe. Na mumeo umwambie wewe, mimi simo."

Jioni alimwambia. Fundi hakufoka, na hilo lilimuumiza Pasi zaidi. Aliketi juu ya sanduku lake la vifaa, akasema tu, "Nilimfukuza dada yangu," kisha akarudia tena, kana kwamba kuna mtu aliyembishia.

Jumamosi Pasi alikwenda kwa wifi yake, fundi cherehani, aliyekuwa akishona sare za shule. Alisema yote akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Wifi hakusimamisha cherehani mpaka mshono ulipofika mwisho.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Niliikuta pale. Nikasema nikimaliza kuanika nitaitoa. Nikasahau." Akakata uzi kwa meno. "Ndiyo maana sikubishana sana. Nilijiona na mimi nina kosa langu. Lakini tungelibeba wote, wifi. Wewe ulinitwika peke yangu."

 Pasi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

Wifi alirudi, ila si siku hiyo wala Jumapili iliyofuata. Alipokuja, alikuja Pasi akiwa kazini. Majirani walisema mama alimshika uso kwa mikono miwili na hakumwachia mpaka chai ikapoa, na fundi bomba alitoka nje akajifanya anatazama mfereji usio na tatizo lolote.

Masomo ya asubuhi yaliendelea. Mama alibadilisha jambo moja tu: sasa kila mmoja aliomba kwa kinywa chake. Siku za mwanzo Pasi aliomba maneno mawili matatu, akakwama, na mama hakumsaidia.

Wifi akaendelea kuja kufua, mwezi ukaisha bila wao kuonana. Kisha siku moja Pasi aliwahi kurudi, akamkuta uani, mikono imejaa povu. Walitazamana.

"Sabuni yenu imekwisha," wifi alisema.

"Naenda kununua," Pasi akajibu, akatoka hata kabla ya kutua mkoba.