Nilimwambia Mama Riziki Asitoe Pesa Zake

Nimekosa, jamani. Mimi ndiye niliyemdanganya Mama Riziki, na hadi leo yeye hajui!

Nilikuwa keshia wa koperative ndogo ya akiba hapa Goma. Faida yetu karibu yote ilitoka kwa wafanyabiashara wanaopitisha bidhaa mpakani Bunagana: tuliwakopesha pesa za wanachama, nao walirudisha na riba. Waasi walipochukua Bunagana, mpaka ulifungwa na wateja wale hawakulipa tena. Sisi wa ndani tuliona kasha linavyokauka.

Meneja akatuonya: mtu akiuliza, semeni hali ni nzuri, maana wakija wote siku moja tumekwisha. Mchana huohuo nilitoa pesa zangu zote. Kwenye kitabu changu cha akiba sikuandika chochote. Ee Mungu, woga ule!

Kesho yake alikuja Mama Riziki, muuza makaa wa mtaa wa Mabanga. Nyumba yake ilimezwa na lava volkano ilipolipuka, na tangu hapo alikuwa akiweka kidogo kidogo ili anunue mbao na mabati. Alikuwa amesikia minong'ono, akataka kujua kama atoe pesa zake.

"Mutoto yangu, niambie kweli. Nitoshe makuta yangu ao niache?"

Nikamfungulia kitabu changu, akaona salio la zamani. "Acha tu, mama. Hata yangu iko humu."

"Kama ya kwako iko, na yangu ibakie."

Akaondoka akinishukuru. Wiki iliyofuata tulifunga milango. Hakupata kitu!

Pesa zangu zilinisogeza miezi michache, zikaisha. Yeye bado anaishi Mugunga, pembezoni mwa mji, chini ya turubai. Mwezi uliopita nilikwenda kumwomba msamaha. Kabla sijafungua mdomo, akanishika mkono.

"Pole na weye, mutoto yangu. Hata ya kwako ilipoteaka."

Nikaitikia, "Asante, mama." Aibu gani hii! Akanifungia viazi vya kuwapelekea watoto wangu, nami nikavipokea.

Ninyi mnaokaa dirishani mkishika jasho la watu, msifanye ujinga wangu. Ukiogopa hadi ukatoa cha kwako, mwambie na aliye mbele yako atoe chake! La sivyo utapewa pole isiyo yako, kama mimi, na hutakuwa na mdomo wa kuirudisha.