Malkia wa Leonia na Ukungu wa Masika

Dada yangu Leonia alikuwa mfinyanzi pale Isevya, na vyungu vyake vilinunuliwa mpaka Kwihara. Nalisema hilo kwanza, maana watu wakimtaja husema tu, "Yule aliyefuga sisimizi." Ni kweli, alifuga. Lakini mkono uliomwokoa malkia wake ulikuwa mkono wa mfinyanzi, na mimi nilikuwepo nikaona.

Alimpata mwaka 1951, mvua za kwanza, akichimba udongo bondeni. Sisimizi mkubwa mweusi, wale wanaokusanya mbegu, ndiyo kwanza ameangusha mbawa zake, kama afanyavyo malkia anayetafuta pa kutagia. Leonia akamfunga kwenye pindo la kanga akaja naye nyumbani. Baba yetu, mzee Lugembe, alikuwa mrina asali. Akampa kilindo kidogo, ule mkebe wa gome la mti ambao watu wetu huwekea asali.

"Mweke humo," akasema. "Asali yangu inakaa miaka. Gome haliozeshi kitu."

Malkia akataga. Masika ya pili wanawe walikuwa wapata hamsini, Leonia akiwalisha mtama na kuwawekea pamba yenye maji. Asubuhi moja akafunua kifuniko akakuta ukungu mweupe, kama ule wa makopa ya muhogo yaliyonyeshewa. Ulikuwa umefunika mtama na kupanda ukutani. Sisimizi wawili walikufa wakiwa wamezongwa nao. Malkia alikuwa amejibana upande mmoja na mayai yake, na ukungu ulibakiza upana wa kidole kumfikia.

Baba akaja na mwenge wa majani unaofuka.

"Sogea, mama," akamwambia Leonia. "Moshi kidogo tu."

"Utawaua, baba."

"Nimefukiza nyuki kabla hujazaliwa. Nimeua malkia gani?"

"Nyuki wanaruka. Hawa watakimbilia wapi?"

"Haya, siku hizi mfinyanzi ananifundisha wadudu."

"Leo ndiyo, baba."

Mama akaacha kutwanga. Kwetu baba hakujibiwa hivyo. Baba akasimama na mwenge wake, kisha akauzima kwenye majivu. "Siku tatu. Wakifa, sitaki tena kuona mdudu humu ndani."

Leonia alikuwa ameshaona kosa lilipo. Asali hujilinda yenyewe, gome halina sifa hapo. Mtama na maji ni kitu kingine, na gome likishalowa halikauki upesi. Akachukua kichungu alichokwisha kukichoma, akakisimamisha kwenye sahani ya maji ili unyevu upande taratibu kupitia udongo, ndani kusiwe na tone. Akakiunganisha na kilindo kwa tete, mwanzi mwembamba ulio wazi ndani. Kichungu akakifunika kaniki kiwe giza. Kilindo akakiacha wazi kwenye mwanga wa barazani. Ukungu hakuugusa, wala malkia.

"Si umtoe tu kwa kijiti?" nikamwuliza.

"Ukimshtua atakula mayai yake. Watahama wenyewe, wakifuata giza."

Siku ya kwanza hakuhama hata mmoja. Baba akapita. "Wageni wako wameikataa nyumba." Leonia akaendelea kukanda udongo wake.

Siku ya pili mmoja aliingia, akazunguka, akatoka. Leonia akaongeza maji kwenye sahani, basi.

Siku ya tatu, jua likiwa halijafika utosini, walianza kubeba mayai. Safu nzima, mmoja nyuma ya mwingine, kwenye lile tete. Baba akachuchumaa. Mama alipouliza kama atakula, akamwashiria anyamaze. Mwisho akatoka malkia, akasita mlangoni, akarudi nyuma. Baba akashika goti la Leonia. Kisha malkia akaingia, na tumbo lake kubwa likapita.

Baba akainuka, akakichukua kile kilindo chenye ukungu, kazi ya mikono yake mwenyewe, akakitia motoni.

Malkia akaishi miaka minane mingine. Leonia alipoolewa na Yoramu wa Kwihara alihama na malkia wake, kichungu amekipakata juu ya baiskeli. Na mtu akimwuliza baba habari za sisimizi, alikuwa akisema, "Mimi ni wa nyuki. Kamwulize binti yangu."